Equasis kwa mtumaji wa shehena wa pwani yetu: inachosema na inachokinyamazia

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikifungua tovuti ya Equasis karibu kila siku ya kazi, kabla ya chai ya saa nne, na bado nakutana na wasafirishaji wa mizigo wenye uzoefu mkubwa kuliko wangu ambao hawajapata kuisikia. Ni daftari la bure la meli za biashara za dunia, lililoasisiwa na Tume ya Ulaya pamoja na serikali ya Ufaransa na kufunguliwa kwa umma mwaka 2000. Unaitafuta meli kwa jina au kwa namba yake ya IMO, yaani namba ya utambulisho iliyo chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini, nayo tovuti inakutolea mwaka iliyoundwa, mwenyewe, kampuni inayoisimamia, taasisi inayoiainisha (yaani inayoikagua na kuthibitisha ubora wake), bima yake ya dhima (ya kulipia madhara itakayoyasababisha), majina na bendera zake za zamani, pamoja na kaguzi ilizofanyiwa katika bandari za nchi nyingine. Mimi si baharia wala si mkaguzi. Kazi yangu ni kuwatafutia watu nafasi ya shehena kwenye meli ndogo ziendazo Ngazija, Msumbiji na Bukini (Madagaska), na tathmini hii ni ya mtu anayeitumia huduma hiyo kwa riziki yake.

Nianze na mkasa ulionifanya niiandike. Mfanyabiashara mmoja wa Tanga, mtu mzima ambaye kwa heshima namwita mjomba, alikuwa na saruji ya kupeleka Moroni, na kampuni moja ya uwakala, ambayo sitaitaja, ilikuwa imempa bei ya chini mno kwa meli iliyodaiwa kuwa njiani kuja. Alinitumia kwa simu nakala ya cheti cha usajili na picha ya tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya meli yenyewe. Picha ilikuwa imepigwa jua la jioni likiangaza ubavuni, na kwa sababu hiyo rangi nyeupe ya jina jipya haikuweza kuficha kilichokuwa chini yake: herufi za jina la zamani, zilizochomelewa kwa chuma, zilikuwa zimetuna kama kovu, na jina hilo lilikuwa refu kuliko jipya kwa herufi tatu au nne. Kubadili jina si kosa, kwani meli huuzwa kama gari linavyouzwa, na mnunuzi ana haki ya kuiita atakavyo. Lakini namba ya IMO haibadiliki tangu meli inapoundwa hadi inapokatwa vipande kuwa chuma chakavu, na ndiyo maana huwa siliangalii jina kabla sijaiangalia namba.

Namba hiyo, iliyofanywa ya lazima tangu 1 Januari 1996, ina tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho imetokana na hesabu ya zile sita za mwanzo, jambo ambalo wengi hawalijui. Chukua namba 9074729, ambayo hutumika sana kufundishia: tisa mara saba ni 63, sifuri mara sita ni sifuri, saba mara tano ni 35, nne mara nne ni 16, saba mara tatu ni 21, mbili mara mbili ni nne, jumla ni 139, na tarakimu ya mwisho ya jumla hiyo, yaani tisa, ndiyo tarakimu ya saba ya namba. Hesabu hiyo hufanyika nyuma ya bahasha huku mtu yuko kwenye simu. Namba iliyoandikwa kwenye cheti cha mjomba ilikataa. Ile iliyosomeka kwenye picha, chini ya jina, ilikubali, na zilitofautiana kwa tarakimu moja tu. Aliyekiandaa cheti ama alikosea kuchapa, ama alitumaini kwamba hakuna atakayekaa chini na kuzidisha.

Nilipoiingiza namba ya kwenye picha, ukurasa uliofunguka ulikuwa mrefu. Meli ilikuwa imepitia majina manne ndani ya miaka sita na bendera tatu, ambazo hakuna hata moja iliyolingana na ile ya kwenye cheti. Sehemu ya bima ilikuwa tupu. Taasisi iliyokuwa ikiiainisha ilikuwa imejiondoa, na kaguzi mbili za mwisho, zote za mbali na kwetu, zilikuwa zimeishia kwa meli kuzuiliwa. Nilimpigia simu.

“Mjomba, meli hii siiamini.”

“Bwana mdogo,” alinijibu, “bei yake umeiona lakini?”

Nilikuwa nimeiona, na nilimweleza kwamba bei hiyo ilikuwa imetolewa katika pengo lile la bima, kwa kuwa mwenye meli asiyelipia dhima yake anaweza kumshinda kwa bei kila mshindani anayeilipia. Mzee alikaa kimya kidogo, akaniuliza meli nyingine ingepatikana lini, na saruji ikasubiri siku kumi na mbili. Hakunishukuru siku hiyo wala sikutarajia anishukuru, maana siku kumi na mbili za saruji ndani ya ghala la kukodi, katika unyevu wa Tanga, zina gharama yake.

Kwa kazi ya namna hiyo, Equasis naipa nyota nne kati ya tano bila kusita. Haina matangazo, haiuzi kitu, haimpendelei mwenye meli, na taarifa zake hazitokani na uvumi wa gatini. Sehemu kubwa huletwa na taasisi za uainishaji, vyama vya bima za wenye meli na, muhimu kuliko vyote, mashirikiano ya kikanda ya ukaguzi wa meli za kigeni bandarini. Kongwe kati ya mashirikiano hayo ni lile la Paris la mwaka 1982. La Tokyo lilifuata mwaka 1993. Na letu, Makubaliano ya Bahari ya Hindi, lilianza kutumika 1 Aprili 1999, sekretarieti yake ikiwa Goa, India. Humo zimo Kenya, Tanzania, Msumbiji, Afrika Kusini, Shelisheli, Omani, India, Iran, Australia na nyingine. Utaratibu ni rahisi kuueleza: mkaguzi wa bandari hupanda kwenye meli ya kigeni, huangalia vyeti, boti za kuokolea maisha, pampu za zimamoto, hali ya mabaharia na mengineyo, kisha kila kasoro huipa namba ya hatua, ambapo 10 ni kasoro iliyokwisha kurekebishwa, 17 ni ya kurekebishwa kabla ya kung'oa nanga, na 30 ni ile inayoifanya meli izuiliwe. Matokeo huingizwa kwenye kanzidata, ili mkaguzi wa bandari inayofuata asianze upya kama vile meli imezaliwa jana.

Lakini nyota ya tano siitoi, na sababu yenyewe haiwahusu watengenezaji wa tovuti sana kama inavyotuhusu sisi. Taarifa hujaa pale ambapo wakaguzi wamekagua. Meli iliyozoea Rotterdam au Singapore ina historia ya kaguzi inayosomeka kama kadi ya kliniki ya mtoto aliyepelekwa kila mwezi, ilhali meli ndogo inayozunguka bandari za kwetu tu inaweza kukaa miaka bila mstari mpya, na msomaji asiyejua akadhani usafi huo wa ukurasa ni usafi wa meli. Nimemwona kijana mmoja ofisini kwetu akimhakikishia mteja kwamba meli fulani “haina tatizo lolote Equasis”, wakati ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa ameipanda kuitazama. Daftari hili litumike kuikataa meli; kwa kuikubali, peke yake halitoshi.

Kuna pia vyombo ambavyo havimo kabisa. Jahazi la mbao halina namba ya IMO, na mkataba mkuu wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unaviacha nje vyombo vya mbao vya uundaji wa jadi, meli za uvuvi na meli za mizigo zisizofika tani jumla 500. Wavuvi wamepunguziwa pengo hilo kiasi, kwa kuwa tangu 2017 mpango wa namba za IMO umefunguliwa hata kwa vyombo vidogo vya uvuvi vinavyokwenda nje ya maji ya nchi zao. Yeyote anayejua jinsi heroini inavyoteremka kutoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, hadi kwetu atalielewa tatizo. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini kwenye jahazi mashariki ya Mombasa, na miezi minne baadaye Kenya ikalipua baharini chombo kilichokuwa na majina mawili, Amin Darya na Al Noor, ambacho dawa zake zilikuwa zimefichwa kwenye tangi la dizeli. Vilevile ukaguzi huu ni wa meli za kigeni. Feri za ndani zinabaki mikononi mwa nchi yenyewe. MV Spice Islander I, iliyozama karibu na Nungwi alfajiri ya 10 Septemba 2011, ilikuwa imejazwa watu kupita kiasi katika safari ya Unguja kwenda Pemba, na hakuna daftari la kimataifa ambalo lingemshusha abiria hata mmoja usiku ule.

Sehemu ya bendera ndiyo inayonikalisha muda mrefu zaidi. Kwa sheria ya bahari ya Umoja wa Mataifa, meli huwa na uraia wa nchi ambayo bendera yake ina haki ya kuipeperusha, na lazima pawe na uhusiano wa kweli baina ya nchi hiyo na meli. Uhusiano huo umekuwa ukinunuliwa kwa bei ya jioni. Huduma ya pili ninayoitumia sambamba na Equasis ni GISIS, mfumo wa taarifa wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini, IMO, nao huonyesha pale inapojulikana kwamba meli inapeperusha bendera ya nchi fulani kwa uongo. Mara ya kwanza nilipokuta alama hiyo nilidhani ni hitilafu ya kompyuta. Sasa nimezoea. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kupeleka malalamiko IMO kwamba meli zinatumia bendera yake bila yenyewe kuzisajili. Komoro nayo imo. Na siku hizi wapo waliofikia hatua ya kutoa vyeti kwa jina la Eswatini, nchi isiyo na hata shubiri moja ya pwani. Nchi isiyo na bahari inaweza kisheria kuwa na meli. Uongo hapa uko kwenye daftari lenyewe la usajili, ambalo serikali inayotajwa haikulifungua.

Nasi Tanzania tunapaswa kuisoma sehemu hiyo kwa unyenyekevu, kwa sababu tatizo letu lilikuwa la aina nyingine na pengine la aibu zaidi: daftari lilikuwa la kweli. Mwaka 2012 ilithibitika kwamba meli 36 za mafuta za Iran zilikuwa zimepewa bendera ya Tanzania kupitia wakala wa usajili aliyekuwa Dubai. Kisha Desemba 2017 meli Kaluba ikakutwa na kokeini katika Karibi, na Januari 2018 Ugiriki ikaikamata Andromeda ikiwa na vifaa vya kutengenezea milipuko, ikielekea Libya. Zote mbili zilikuwa na bendera yetu. Rais Magufuli aliamuru usajili wa meli za kigeni usitishwe na zilizosajiliwa zichunguzwe. Kila nionapo namba ya mawasiliano ya meli inayoanza na 674 au 677, ambazo ndizo za Tanzania katika mfumo wa redio za meli, huwa naifungua hata kama hainihusu, kama mtu anavyogeuka asikiapo jina la ukoo wake likitajwa sokoni.

Hapa ndipo ubora wa huduma unapokutana na yale yanayojadiliwa London, yaliko makao makuu ya IMO. Baraza Kuu la IMO lilipitisha Desemba 2019 azimio A.1142(31), linalozitaka nchi zitoe taarifa za daftari zao halali na za wahusika wake ili ziwekwe GISIS, na Desemba 2023 likapitisha azimio A.1192(33) kuhusu kundi linaloitwa meli za kivuli, yaani zile zinazozima vitambulisho vyake, kubadili bendera, kuhamishiana mafuta baharini na kukwepa bima ili kuvikwepa vikwazo au kanuni za usalama. Maazimio hayo si sheria yenye meno. Nguvu yake inategemea nchi zitakazoyatekeleza bandarini, na nchi moja ikibana wakati jirani yake amelegea, meli humfuata jirani. Ndiyo maana msimamo wa pamoja wa kanda una thamani kuliko hotuba nzuri ya nchi moja, hata kama nchi hiyo ni Kenya, iliyochaguliwa mwaka 2023 kuwemo kwenye baraza la IMO.

Ugumu ni kwamba kanda yetu haikubaliani juu ya vikwazo. Katika meza moja ya Makubaliano ya Bahari ya Hindi wanakaa Australia, ambayo huweka vikwazo, Iran, ambayo imewekewa, na India, ambayo tangu 2022 imenunua mafuta ya Urusi kwa wingi. Ukiwaomba watamke lililo moja juu ya nani ana haki ya kumuuzia nani mafuta, kikao kitavunjika kabla ya chakula cha mchana. Nadhani kosa la wengi wanaozungumzia uratibu ni kuanzia hapo. Mkaguzi wa Mombasa au Dar es Salaam hana haja ya kujua mafuta ni ya nani. Anahitaji kujua kama boti ya kuokolea inashuka, kama cheti cha bendera kimetolewa na nchi iliyotajwa, na kama yupo wa kulipa meli ikipasuka juu ya matumbawe. Juu ya hayo matatu sijaona mjumbe anayeweza kusimama hadharani akapinga, na msimamo wa kanda ungeweza kujengwa hapo bila ya mtu kulazimishwa kuchagua upande.

La bima tunalo hata jina la nyumbani. Mkataba wa kuondoa mabaki ya meli zilizozama ulipitishwa Nairobi Mei 2007 na kuanza kutumika 14 Aprili 2015, nao unamlazimisha mwenye meli ya tani jumla 300 na zaidi kuwa na bima ya gharama hizo. Kwa anayeona ni karatasi tu, namkumbusha Wakashio, iliyopanda mwamba Pointe d'Esny, Morisi, 25 Julai 2020 na kumwaga takriban tani 1,000 za mafuta. Meli ile ilikuwa na bendera ya kweli, mwenyewe anayejulikana na bima, na bado Morisi ilihangaika. Ingekuwa ni meli ya bendera ya uongo na ukurasa wa bima uliokuwa tupu kama ule wa mjomba, serikali ingemwandikia nani barua?

Nikirudi kwenye tovuti yenyewe, nina malalamiko madogo. Lugha zake hazifiki kwetu, na maneno ya ukaguzi ni mazito hata kwa anayejua Kiingereza cha ofisini. Katibu wa ushirika wa wakulima anayetaka kusafirisha karafuu hataelewa neno “kuondolewa daraja”, yaani taasisi ya uainishaji kuacha kuithibitisha meli, lina uzito gani kwa mzigo wake. Kwenye simu kurasa zake hubana, na kuna siku hukutoa nje katikati ya kusoma na kukudai nenosiri upya. Usajili, hata hivyo, ni bure na hauchukui dakika kumi. Ushauri wangu kwa anayeanza ni afungue akaunti zote mbili, ya Equasis na ya GISIS, aisome bendera kwenye zote, na zikitofautiana amwandikie msajili wa nchi inayotajwa kwa anwani aliyoipata GISIS. Anwani iliyochapwa kwenye cheti chenyewe asiitumie, kwa sababu aliyeghushi cheti hashindwi kuweka namba ya simu ya shemeji yake.

Wiki iliyopita niliitafuta tena ile meli ya saruji, kwa namba ya kwenye picha. Ilikuwa imepata jina la tano, na safari hii bendera ilikuwa imewekewa alama ya uongo. Chini kabisa, katika orodha ya kaguzi, palikuwa na mstari mmoja mpya, wa kwanza kutoka bandari ya Bahari ya Hindi tangu nianze kuifuatilia: kasoro kumi na tisa, imezuiliwa.